Rangi Haifichi Kitu

Maneno ya fundi wa boti mbele ya mafundi vijana, manahodha na wenye vyombo, Nungwi, Unguja

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mabwana na mabibi wenye vyombo, manahodha, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango: ahsanteni kwa kuja.

Aliyekuja kunialika aliniambia, "Fundi, njoo utufundishe kupiga rangi boti za faiba." Nikamjibu nitakuja, lakini asitarajie nikae juu ya rangi muda mrefu. Kupiga rangi yenyewe ni kazi ya asubuhi mbili tatu. Kabla yake kuna siku nyingi za maji, msasa na pati, na hizo ndizo nilizokuja kuzisemea leo, kwa sababu ndizo ambazo nyinyi mabwana hamtaki kuzilipia. Msicheke. Nimekwisha kaa kwenye vikao vya makubaliano vya kutosha. Mwenye boti anauliza, "Rangi kiasi gani?" Hakuna anayeuliza, "Msasa siku ngapi?"

Kwanza nibainishe nnasema juu ya chombo gani, maana hapa pwani yetu kila kinachong'aa tunakiita faiba. Kuna boti iliyotoka kwenye kalibu, imetengenezwa kwa mati na resini ya polista, na juu yake ina jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa. Hiyo ina mambo yake. Kuna jahazi na mashua za mbao za kupigilia, fahari ya Nungwi hii, zenye mkuku na mataruma ya mtondoo. Halafu kuna boti za siku hizi, za plaiwudi, zinazojengwa kwa gundi ya epoksi na kufunikwa kitambaa cha faiba kwa epoksi hiyo hiyo, zile nyepesi ambazo wengi wenu mnazitaka kwa kupeleka wageni kisiwani Mnemba. Mimi leo ni hizo za tatu.

Lakini kabla sijaziacha za mbao, niseme neno moja, kwa kuwa kila mwaka nnaulizwa. Mwenye mashua ya zamani, inavuja, amechoka na kalafati, anataka niifunike faiba. Mimi sikubali. Mbao za kupigilia zikiwa majini huvimba, zikikaa pwani hukauka na kunywea, na pamba ya kalafati iliyo kati ya ubao na ubao ndiyo inayoruhusu mchezo huo. Ukiufunika ubavu kwa faiba, mbao zitaendelea kucheza chini yake, faiba itapasuka kwenye maungio, maji yataingia kwenye ufa na hayatapata pa kutokea. Ukija kubandua unakuta faiba bado nzuri na mbao imegeuka unga. Tena mashua iliyokunywa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka kumi, epoksi haiishiki hata uikwangue namna gani. Mafuta yamekwisha ingia ndani ya nyuzi za mbao. Wazee wetu walikijua chombo chao: sifa juu, deheni ya chokaa na shahamu chini ya maji, na moto wa makuti kuwaua wadudu watoboao mbao. Dawa hiyo inafaa chombo hicho mpaka leo. Msichanganye.

Sasa tuje kwenye epoksi. Vijana wengi hapa mmejifunzia mkono kwenye polista, na tabia za polista ndizo zinazoharibu kazi ya epoksi. Kwenye polista mnatia kichocheo, asilimia moja mpaka mbili hivi, na mmezoea kwamba ukitaka ikaze upesi unaongeza kidogo, ukitaka ichelewe unapunguza. Kwenye epoksi hadina, ile ya mkebe wa pili inayochanganywa na resini ili ikaze, si kichocheo. Ni sehemu ya mwili wenyewe, kila chembe ya resini inatafuta chembe yake ya hadina ya kushikana nayo. Ukizidisha hadina, zinabaki zisizo na mwenzake, na hizo zilizobaki ndizo zitakazokula rangi yako baadaye. Ukipunguza, inabaki laini, na haitakaza hata ukiingoja mpaka Idi. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye mkebe, mbili kwa moja, tatu kwa moja au tano kwa moja, kila kampuni na chake. Na mtazame kama kimeandikwa kwa ujazo au kwa uzito, kwa sababu kwa kawaida hadina ni nyepesi kuliko resini, hivyo vipimo hivyo viwili havilingani. Ukitaka iwahi au ichelewe, badilisha aina ya hadina. Kuna ya haraka, kuna ya taratibu, na kwa huku kwetu nnapendelea ya taratibu mwaka mzima. Kanuni ya jumla ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu. Mkebe uliokuja kutoka Ulaya unahesabu nyuzi 20 au 25. Bandani kwetu saa saba mchana wakati wa kaskazi unaweza kuwa na 33. Ndiyo unaona kopo linaanza kutoa moshi mkononi mwako. Ukishachanganya, mimina kwenye sinia pana, itandaze, usiiache imerundikana kwenye kopo ikijipasha moto wenyewe kwa wenyewe.

Jambo la pili la polista: msipake jelikoti juu ya epoksi. Epoksi hushika vizuri juu ya polista iliyokaza na kusuguliwa, ndiyo maana tunaitumia kutengeneza boti za kalibu zilizopasuka. Kinyume chake ni balaa. Jelikoti ya polista juu ya epoksi inaweza kubaki mbichi upande wa chini, au ikakaza halafu ikabanduka kwa vipande. Boti ya epoksi humalizwa kwa rangi.

Na kwa nini imalizwe kwa rangi kabisa, si inang'aa vizuri yenyewe? Mabibi wawili waliniuliza hivyo juu ya boti yao. Mbao inaonekana ndani, inapendeza, kwa nini tuifunike? Kwa sababu ya jua. Epoksi inazuia maji vizuri sana, lakini jua linaishinda. Mwangaza mkali huivunja kidogo kidogo, inageuka njano, inapoteza mng'ao, inatoa unga mweupe ukipitisha kidole, na mwisho inapasuka na kuacha nyuzi za faiba zikionekana. Hapa tulipo jua hupita wima juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na baina ya hapo halisogei mbali. Rangi ndiyo inayobeba jua badala ya epoksi. Wanaotaka mbao ionekane wanaweza kupaka vanishi yenye kinga ya jua, mikono mingi, yaani tabaka juu ya tabaka, na wakubali kuirudia mara kwa mara. Mimi huwaambia waifanye sehemu ndogo tu, kiti cha nahodha au ukingo, na ubavu upate rangi.

Haya, epoksi imekaza. Umepaka mkono wa kwanza kulowesha kitambaa, wa pili na wa tatu kujaza visima vya nyuzi. Ubavu unang'aa, kijana anachukua msasa. Hapo hapo nnamkamata mkono. Msasa bado!

Epoksi inapokaza kwenye hewa yenye unyevu, na hewa ya Unguja ina unyevu hata ikiwa hakuna mvua, ile hadina iliyo juu ya uso hukutana na mvuke wa maji na hewa ya kaboni, ikafanya utando. Pengine unauona, ni ukungu mweupe. Pengine huuoni, unausikia tu kwa kidole, unateleza mithili ya nta. Kwengine haupo kabisa, inategemea hadina. Mimi huuchukulia upo siku zote. Ukipiga msasa juu yake, unaziba msasa, na lililo baya zaidi unausukumiza utando ndani ya mikwaruzo. Kisha unapaka rangi. Rangi inakaa vizuri, mwenye boti anafurahi, analipa. Kusi wa kwanza, malengelenge. Wa pili, rangi inatoka kwa kucha. Mwenye boti anasema rangi ilikuwa feki.

Utando huu dawa yake ni maji. Si thina, si asetoni, si petroli. Thina haiuyeyushi, inautembeza tu huku na huku. Maji matamu, safi, na pedi ya kusugulia ya plastiki ngumu. Sugua sehemu ndogo ndogo, kisha kausha kwa karatasi au kitambaa cheupe kisicho na rangi kabla maji hayajakauka yenyewe, maana yakijikaukia yanaurudisha utando pale pale ulipotoka. Badilisha maji ya ndoo mara kwa mara. Nnasema maji matamu kwa sababu nimewaona watu wakichota pale chini, bahari si ipo karibu? Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu kupitia rangi yenyewe, na hayo nayo ni malengelenge. Hata boti iliyokaa bandani siku tatu za upepo wa bahari ioshwe upya kabla ya kuguswa.

Mtajuaje kama imesafika? Mwageni maji ubavuni. Yakitandaa na kushuka kwa pamoja, uso ni safi. Yakijikusanya matone na kukimbiana, pana nta, mafuta au silikoni. Kipimo hiki hakina gharama, na mwenye boti anaweza kukifanya mwenyewe kabla hajatoa pesa. Nnakuombeni mkifanye. Na hapo kwenye silikoni, sitaki kuiona kwenye banda la rangi. Ile ya kuzibia madirisha, ile ya dawa ya kung'arisha dashibodi ya gari, zote. Chembe yake ikipata upepo ikatua ubavuni, rangi inakimbia pale na kuacha vijishimo vya duara, na unaweza kupaka mara nne visiondoke. Hali kadhalika mkono uliotoka kushika pweza wa kukaanga. Wapishi wetu hodari, lakini mafuta yao yabaki nje.

Kama epoksi ya chini bado inanata kidogo, ukibonyeza kidole kinaacha alama lakini hakitoki na kitu, unaweza kupaka mkono unaofuata bila kuosha wala kusugua, zitashikana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo nnawahimiza wenzangu wapange mikono yote ya epoksi ndani ya siku moja ndefu. Ikishapita hapo ikakaza, hakuna njia ya mkato: maji, kisha msasa, kisha vumbi litolewe. Wengine hutandika kitambaa maalumu cha nailoni juu ya epoksi mbichi, wakakibandua ikishakaza kikaondoka na utando wake. Kinafaa sana, kikipatikana.

Na mchagueni wakati. Mbao ina hewa ndani. Asubuhi joto linapopanda, hewa hiyo inatanuka na kutoka, inapasua epoksi mbichi kwa vipovu vidogo vingi. Mkono wa kwanza juu ya mbao tupu upakeni alasiri, saa tisa au saa kumi, joto linapoanza kushuka, mbao inavuta badala ya kupuliza. Chini ya paa lakini, usije ukaletewa umande.

Sasa tufike kwenye kunyoosha ubavu, sehemu nnayoipenda na inayochukiwa na kila mtu. Hakuna ubavu unaotoka kwenye plaiwudi na kitambaa ukiwa umenyooka. Pana maungio ya kitambaa, pana mabonde, pana mahali fundi aliegemea. Hapo tunatia pati, na pati tunaitengeneza wenyewe kwa epoksi na unga. Chagueni unga kwa kazi. Unga wa vipovu vidogo vya kioo ni mwepesi, unasuguka kwa urahisi, huo ndio wa kusawazishia. Unga wa silika ni mgumu, unafaa kwenye gundi na kwenye pembe. Ukisawazishia ubavu kwa silika tupu utasugua mpaka bega lishuke, na pembeni ya pati epoksi laini itakuwa imekwisha likwa na msasa, kitambaa kiko nje. Koroga epoksi kwanza kwa hadina yake, ndipo utie unga, mpaka uwe mzito wa siagi ya karanga, ukiinua kijiti usianguke. Na pati hiyo ikikaza ina vitundu, lazima ipakwe epoksi tupu juu yake kuviziba.

Msasa wa kunyooshea ni namba 80, kwenye ubao mrefu unaopinda kidogo kufuata umbo la boti, urefu wa mkono mzima au zaidi, unashikwa kwa mikono miwili. Kimashine kidogo cha duara hakinyooshi. Kinafuata bonde na kulilainisha, likabaki bonde lililo laini. Unasugua kwa mshazari, huku kisha kule, mistari ikatane. Kabla ya kusugua nyunyiza rangi nyeusi nyepesi kama vumbi, au chora kwa penseli ubavu mzima. Ukishapitisha ubao, palipobaki weusi ni bonde, palipotoka kwanza ni kilima. Macho yako yanaweza kukudanganya, weusi ule haukudanganyi. Jaza bonde, ngoja, osha, sugua tena. Mara tatu ni kawaida. Lakini ukiona nyuzi za kitambaa zimeanza kuonekana, simama. Nguvu ya boti imo kwenye nyuzi hizo. Hapo panahitaji epoksi zaidi, si msasa zaidi.

Mafundi wengi wanakata tamaa hapa na kusema, "Rangi itafunika." Mabwana, rangi yote ya juu, mikono mitatu mizima ikishakauka, haifiki robo ya milimita. Bonde lako lina milimita mbili. Itafunika nini? Tena rangi ya kung'aa inaongeza aibu, maana ubavu ukiwa mkavu na wa kijivu huoni kitu. Ukishang'aa, kila bonde linapinda taswira ya mawimbi na kila mtu gatini analiona. Kuna njia ya kujua mapema. Njooni bandani usiku na kurunzi, mkaiweke ubavuni, mwanga ukimbie sambamba na ubao. Kila kosa litatoa kivuli chake. Mwenye chombo aje kwenye saa hiyo, aweke alama kwa chaki, akubaliane na fundi wake kabla ya rangi. Baada ya rangi ni ugomvi tu.

Nisipite pembe. Ukingo mkali haubebi epoksi wala rangi. Vyote viwili hukimbia pembe na kubaki vyembamba, na hapo ndipo maji yanapoanzia. Kila pembe izungushwe. Na kila tundu la skrubu, nnarudia, kila tundu, litobolewe kubwa kuliko linavyotakiwa, lijazwe epoksi nzito, kisha likishakaza ndipo litobolewe kwa kipimo chake. Boti nyingi za plaiwudi hazifi kwa mawimbi. Zinakufa kwa skrubu za tenti na vishikio vya miamvuli vilivyopigwa na mtu mwengine baada ya fundi kuondoka, mbao tupu ndani ya tundu, maji yananywewa kimya kimya.

Haya, rangi yenyewe. Acheni epoksi ikomae, wiki hivi kwa joto letu, kisha ioshwe na isuguliwe kwa namba 120 mpaka 180. Juu yake praima, yaani rangi ya kutangulia, ya epoksi ya mikebe miwili, resini na hadina, isuguliwe kwa 220 mpaka 320, ndipo rangi. Vipimo hivi vinaweza kutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji. Soma karatasi yake, na nunua praima na rangi za nyumba moja ili ukilalamika wasipate kurushiana lawama.

Rangi bora kwa juu ya maji ni poliyurethani ya mikebe miwili. Ni ngumu, inashinda jua, inakaa miaka. Lakini ndani ya hadina yake mna aisosayaneti, na hiyo ikipulizwa kwa mashine ikaingia kifuani inaweza kukuachia pumu ya maisha. Kile kitambaa cha puani na zile barakoa za vumbi hazizuii. Anayepuliza anahitaji barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali, na mimi kwenye mabanda yetu ya makuti sijaiona. Kwa hiyo nnasema waziwazi mbele ya wazee: kijana wa mtu asipulize poliyurethani Nungwi hii. Tupake kwa rola na brashi, watu wawili, mlango wazi, barakoa ya vichungi vya kemikali na glavu. Mmoja anatangulia na rola ya sponji, anatandaza kidogo, mwengine anamfuata kwa ncha ya brashi nzuri, bila kukandamiza, anavunja vipovu tu. Msirudi nyuma mlikopita. Ukiona nzi ametua, muache. Utamtoa kesho kwa msasa. Mikono myembamba mitatu inashinda mmoja mzito unaochuruzika. Mkizoeana wawili nyie, mtatoa kazi ambayo mtu ataapa imepulizwa.

Thina iwe ile ya rangi hiyo hiyo, ya brashi, ya taratibu. Thina ya jumla ya dukani mara nyingi ina pombe ndani yake, na pombe inaila hadina ya poliyurethani. Rangi inapoteza mng'ao na ugumu na hujui kwa nini.

Saa za kupaka rangi ni kinyume na za epoksi ya kwanza. Anzeni asubuhi umande ukishakauka, saa tatu hivi, mmalize kabla ya saa sita, ili rangi ipate kushika kabla ya umande wa magharibi. Umande ukiikuta mbichi, asubuhi unaikuta imefifia kama chaki. Kwa misimu, nnapenda Juni mpaka Agosti kwa sababu ya ukavu na baridi yake kidogo, ila kusi hupeperusha mchanga, mfunge turubali upande wa kusini. Januari na Februari zinafaa pia kwa anayeamka mapema. Masika muache fundi apumzike au afanye kazi za ndani.

Rangi gani? Nyeupe, au iliyopauka. Najua mnapenda buluu iliyokoza na nyeusi, inapiga picha vizuri kwa wageni. Epoksi iliyokaza kwa joto la kawaida huanza kulegea baina ya nyuzi 50 na 60 au zaidi kidogo, na ubavu mweusi juani unaweza kupita 70. Nyuzi za kitambaa zinaanza kujichora juu ya rangi, kazi yote ya ubao mrefu inapotea. Mnaotaka buluu wekeni mstari mmoja mwembamba. Sitaha nayo isiwe nyeupe tupu, itawapofua abiria; kijivu chepesi au maziwa, na mchanga safi uliooshwa na kukaushwa unyunyiziwe kwenye rangi mbichi wasiteleze.

Chini ya maji poliyurethani haifai, nyingi hazikutengenezwa kukaa majini moja kwa moja, zinatoka malengelenge. Huko ni praima ya epoksi mikono kadhaa, kisha rangi ya kuzuia chaza na majani, yenye shaba. Mkono wa kwanza wa rangi hiyo upakwe praima inaponata bado. Boti inayopandishwa mchangani kila jioni haiihitaji. Mchanga utaikwangua na chaza hawapati nafasi. Na anayeikwangua ya zamani aikwangue kwa maji, asilitimue vumbi lake, ni sumu.

Mkono wa fundi uliopata epoksi ufutwe kwa kitambaa na sabuni. Thina inaiingiza ndani ya ngozi. Mtu anaweza kufanya kazi miaka bila kudhurika, siku moja mwili ukakataa, akawashwa uso mzima kwa kufungua mkebe tu, na hilo halirudi nyuma. Nnawajua waliouacha ufundi huu kwa sababu hiyo.

Nimeona mkono umeinuliwa pale. Ndiyo, bwana. Anauliza kama hana pesa za poliyurethani, apake rangi ya mafuta ya kawaida, ya mlango?

Bwana wangu, si haramu. Lakini rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya epoksi inaweza kukataa kukauka, siku tano bado inanata, kwa sababu ya zile hadina nilizozisema. Weka kwanza praima ya epoksi, isuguliwe, jaribu kipande kidogo mahali pasipoonekana, ngoja siku mbili tatu. Ikikauka, endelea. Itakuwa laini zaidi na utairudia pengine kila mwaka, lakini ubavu ukiwa umeoshwa na kunyooshwa sawasawa, kurudia ni siku moja ya msasa mwepesi na siku moja ya brashi. Ukinilazimisha nichague, nitachukua ubavu ulionyooka wenye rangi rahisi kuliko ubavu wa hovyo wenye rangi ya ghali. Na malipo tugawe: sehemu ukiona maji yametandaa, sehemu usiku wa kurunzi, iliyobaki rangi ikikauka. Fundi asiyekubali hivyo muulizeni anaogopa nini.

Nje kuna vipande viwili vya plaiwudi nilivyovifunika juzi, kimoja nimekiosha na kingine sikukigusa, na ndoo ya maji matamu ipo pembeni. Glavu zimo kwenye boksi jekundu. Vijana tangulieni, na mwenye kanzu nyeupe asikae karibu nami.